Shangazi Anataka Kuona

Jumamosi iliyopita nimelipia mishkaki ya watu sita kwa mara ya tatu mfululizo. Wa kulaumiwa ni shemeji yangu, jimbo la Texas na hesabu za kidato cha tatu, kwa mpangilio huo huo. Mimi simo. Mimi nilicheza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kushindwa kwa upumbavu kunavumilika, maana unajua ulipojikwaa na kesho utaparuka. Kushindwa huku umefanya kila kitu sawasawa ni kama kupigwa faini ya mwendo kasi ukiwa unatembea kwa miguu.

Yalianza Krismasi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, yuko Houston mwaka wa nane sasa. Alikuja likizo na mabegi mawili makubwa, watu wakapata viatu, simu, manukato. Mimi nikapata pakiti mbili za karata za plastiki na kitabu kinene. "Shemeji," akaniambia, "wewe ni mtu wa akili, nimekuletea mchezo wa akili." Mtu akikusifia akili huku wenzako wanajaribu viatu, ujue umepunjwa.

Mchezo wenyewe ni poka, ile ya Texas isiyo na kikomo. Wasomaji wangu wa Nairobi, tafadhali msinipigie simu: ile mnayoiita poka nyinyi, ya kushusha karata mpaka mtu apaze sauti "niko kadi", ni ndugu wa damu wa lasti kadi yetu ya huku. Hii ni nyingine. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunguliwa tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na hizo tano ni za wote. Kati ya saba hizo unachagua tano zilizo bora. Kila hatua watu wanaweka dau: unaweza kupita, kufuata, kupandisha, au kutupa karata zako ukaendelea na soda. Na kwa kuwa hakuna kikomo, muda wowote unaweza kusukuma katikati kila ulicho nacho.

Karata ya mwisho wenyewe wanaiita mto. Niliposikia hivyo nilicheka. Mtu wa Dar ukimtajia mto anauona Msimbazi, na Msimbazi ukiamua kupita Jangwani hauulizi nani alikuwa amejiandaa. Ningelizingatia jina lile leo ningekuwa na hela.

Hatuchezi pesa. Mke wangu alilitamka hilo siku ya kwanza, kwa sauti ambayo hata mimi kwa uzoefu wangu wa karata sikuthubutu kuipandishia. Tunacheza vizibo vya soda, 100 kila mtu. Ila anayeishiwa wa kwanza ananunua mishkaki, ndizi za kuchoma na soda za wote. Na soda hizo, kama ulivyokwisha kung'amua, zinaleta vizibo vipya. Kwa maana hiyo mimi ndiye ninayechapisha sarafu ya mchezo wa wiki ijayo. Nimekuwa Benki Kuu, na kama benki kuu yoyote, ninachapisha kila nikizidiwa.

Shemeji aliondoka Januari, ugonjwa akauacha. Mezani tuko sita. Yupo mwalimu mstaafu wa hesabu, jirani yetu wa ukuta mmoja. Yupo kijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale kona. Yupo mama mwenye genge, anayecheza huku anamenya vitunguu maji vya kesho. Yupo mke wangu, ambaye hucheza akiwa na hasira na mimi, yaani hajawahi kukosa. Nipo mimi. Na yupo shangazi.

Shangazi alikuja kutoka Unguja kuonyesha macho hospitali, akaambiwa macho ni mazima, akabaki. Amekulia kwenye wahedi wa sitini, mchezo wa watu wenye subira: ree ni pointi 11, saba ni 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2, jumla ya pakiti ni 120, na ukifika 61 umemaliza kazi. Usiniulize mzungu wa nne ni nani. Vijana wanamwita mfalme. Shangazi hamtambui mfalme, kama asivyotambua "mioyo" na "maua" ya vijana. Kwake ni kopa, uru, shupaza na pau, majina waliyotuachia Wareno pamoja na neno lenyewe turufu. Miaka mia mbili walikaa pwani hii na jeshi na ngome, na kitu kilichobaki mdomoni mwa shangazi yangu ni namna ya kutaja karata. Nilipomweleza sheria za poka alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Turufu ni ipi?"

"Haina turufu, shangazi."

"Mtu akiwa hana kitu anashindaje?"

"Anawatisha wenzake."

Akaniangalia muda mrefu. Sikujua wakati ule kwamba hapo ndipo nilipoanza kulipia mishkaki.

Sasa nieleze kosa langu, yaani usahihi wangu. Katika poka kuna mkono uliokwisha kuiva na kuna mkono wa kungoja. Ukishika jozi ya wazungu wa nne, umeiva, una kitu. Lakini ukishika kopa mbili, na mezani zikalala kopa mbili, unazo nne. Kopa nne hazina thamani yoyote. Mtu mwenye jozi ya mbili anakupiga. Unangoja ya tano. Ikija, wewe ni sultani. Isipokuja, wewe ni mtu aliyeshona sare ya harusi akanyimwa kadi ya mwaliko.

Mtu wa kawaida akiwa na mkono huo hucheza kwa unyenyekevu. Wenzake wakiweka dau anafuata, anafuata, moyoni anaomba dua. Kitabu cha shemeji kinasema huo ni ushamba. Mwandishi wake ni Doyle Brunson, mzee wa Texas aliyefariki 2023 akiwa na miaka 89, bingwa wa dunia mwaka 1976 na tena 1977. Miaka yote miwili alimaliza kazi akiwa ameshika 10 na 2, karata ambazo mimi nikigawiwa naomba radhi na kwenda msalani. Mpaka leo duniani kote 10 na 2 zinaitwa kwa jina lake. Hoja ya mzee ni rahisi na tamu. Ukifuata tu, una njia moja ya kushinda: karata yako ije. Ukisukuma wewe, una njia mbili: mwenzako aogope atupe, au asipoogopa, karata yako ije. Mmarekani mwingine, David Sklansky, ndiye aliyeipa mbinu hiyo jina lake. Kwa Kiswahili chetu cha mjini ningeiita nusu mkwara. Mkwara kamili ni kumtishia mtu huku mfukoni huna kitu. Nusu mkwara ni kumtishia huku una kaka ambaye huenda akatokea.

Niliposoma hivyo nilisimama. Nilizunguka sebule. Mke wangu akauliza kama ni tumbo.

Nilimpelekea mwalimu mstaafu kitabu, akakipitia kwa kalamu nyekundu kama anayesahihisha, akakubali. Kopa ziko 13, akasema. Nne unaziona, zimebaki tisa, na karata usizoziona ni 47. Zikiwa zimebaki karata mbili kufunguliwa, unafika mara 35 katika 100. Ikibaki moja, unafika chini kidogo ya 20. Wacheza poka wenye haraka wana njia ya mkato: hesabu karata zinazokuokoa, zidisha kwa nne kama zimebaki mbili, kwa mbili kama imebaki moja. Mwalimu alikasirika kwamba njia ya mkato inakaribia sana jibu sahihi. Hapendi wanafunzi waharakishwe.

Kisha akanifanyia lile lililonipoteza. Nyuma ya risiti ya umeme aliandika: kapu la katikati ya meza lina vizibo 30, imebaki karata moja, wewe unangoja kopa, unasukuma 30. Je, mwenzako anatakiwa atupe mara ngapi ili usipate hasara? Akachora mstari, akajibu: mara tatu katika kumi, hata hazitimii. Zaidi ya hapo ni faida tupu. Na kama zimebaki karata mbili, huhitaji hata atupe. Vile vizibo 30 vilivyokwisha kulala kapuni vinakutosha kufidia.

Mara tatu katika kumi! Katika mtaa huu ambao watu wanaogopa paka mweusi, mkaguzi wa afya na mama wa vikoba, nitakosa mtu wa kuogopa mara tatu katika kumi?

Na ushahidi nilikuwa nao. Shemeji alinisimulia habari za Chris Moneymaker. Hilo ndilo jina lake halisi, mtengeneza fedha. Sisi tunawapa watoto majina ya Shida na Mateso halafu tunashangaa. Alikuwa mhasibu wa Tennessee. Mwaka 2003 alipenya kwa mashindano madogo ya mtandaoni ya kiingilio kidogo hadi ubingwa wa dunia kule Las Vegas, wakiwa wachezaji 839, akabaki yeye na Sam Farha, mkongwe wa meza kubwa mwenye sigara mdomoni asiyoiwasha. Moneymaker akiwa na mkono wa kungoja, tena wa kungoja huku na huku, shupaza zikitakiwa na ngazi, yaani karata tano zinazofuatana, ikitakiwa, hakufuata. Alipandisha. Mto ukaja, haukuleta kitu. Hana hata jozi. Akasukuma zote. Farha alikuwa na jozi ya tisa iliyokuwa mbele, na alinusa, maana kwa mdomo wake alikisia kwamba huenda mwenzake ameikosa ile shupaza. Halafu akatupa! Mhasibu akaondoka na ubingwa na dola milioni 2.5, na tangu siku hiyo kila mhasibu duniani anajiona.

Jumamosi ya kwanza nilianza na mwalimu. Nilishika kopa mbili, mezani kopa mbili, na karata ya nne ilipofunguliwa bila msaada wowote nikasukuma vizibo 30 kwenye kapu la 30, kama ilivyoandikwa kwenye risiti ya umeme. Mwalimu alivua miwani. Aliifuta. Aliangalia meza, akaniangalia mimi, akahesabu midomo ikicheza. "Huwezi kufanya hivi bila kitu," akasema, na akatupa jozi ya wazungu wa nne huku ameifunua tuione wote. Nilikusanya vizibo mikono ikitetemeka. Usiku ule nililala kama bingwa wa dunia wa mwaka 1976, na vilevile wa 1977.

Kitu ambacho sikukiona, na kitabu hakikunionya kwa maandishi makubwa yanayostahili, ni kwamba mwalimu alitishika kwa sababu anajua kuhesabu. Ili mtu aogope, lazima kwanza afikirie una nini. Akishafikiria una nini, anajiuliza kwa nini unasukuma. Akijiuliza, anapata majibu mabaya, anatupa. Mkwara ni mzigo anaobebeshwa mwenye elimu. Katika meza yetu mwenye elimu hiyo ni mmoja, na tangu siku ile hanipi nafasi. Kila nikiingia na yeye kwenye mkono anatupa mapema, anafungua kitabu chake cha mafumbo ya maneno.

Wakabaki wengine.

Jumamosi ya pili nilipewa 8 na 9 za kopa. Mezani zikafunguliwa 7 ya kopa, 10 ya shupaza, 2 ya kopa. Naomba msomaji usiyecheza karata univumilie hapa, maana mkono huu nitazikwa nao. Nina kopa nne: tisa zinaniokoa. Nina 7, 8, 9, 10 zimepangana: kila 6 na kila ghulamu, yaani mzungu wa tatu, wananiokoa, na ukitoa wale wa kopa niliokwisha kuwahesabu wanabaki sita. Jumla karata 15. Karata 15 za wokovu, na mbili bado hazijafunguliwa! Kwa hali hiyo mwenye jozi ndiye mnyonge. Mimi niliye mikono mitupu nashinda zaidi ya nusu ya mara. Angekuwapo mzee Brunson angenibusu kwenye paji.

Wengine walitupa. Akabaki shangazi. Nikasukuma vyote, vizibo 84, vikaporomoka katikati kwa sauti ya bati.

"Hivyo vyote ni vyako?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Na unavipeleka vyote?"

"Vyote."

"Una nini?"

"Shangazi, haulizwi mtu ana nini. Unafuata au unatupa."

Akazitazama karata zake tena, kwa utaratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Mimi sikupanda boti kuja kutupa," akasema. "Nataka kuona."

Alikuwa na ree ya uru na 10 ya pau. Jozi ya kumi. Karata ya nne ikaja mzungu wa pili wa pau. Mto ukaja 3 ya uru. Msimbazi huo, umepita na godoro langu.

Nilijaribu kumweleza, kwa heshima, kwamba alikosea. Kwamba mwenye jozi moja akisukumiwa vizibo 84 anapaswa kuogopa jozi mbili, kuogopa jozi iliyofichwa ikawa tatu. "Vyote hivyo ulikuwa navyo?" akauliza. Nikasema hapana, sikuwa nacho hata kimoja. "Basi ningeogopa nini?" Kijana wa bodaboda akacheka mpaka akamwaga soda, na soda hiyo mimi ndiye niliyeilipia.

Huyo kijana naye ana maradhi yake. Hafuati kwa sababu ya karata; anafuata kwa sababu ya kazi. Ukimsukumia dau anasikia kama mteja amempungia mkono. "Twende, bosi," anasema, na vizibo vimeshaingia. Mama wa genge anafuata kwa sababu mikono ina vitunguu na kutupa karata ni lazima uzishike kwanza. Mke wangu ananifuata mimi tu. Mwingine akisukuma anatupa. Nikisukuma mimi anafuata, hata akiwa na 7 na 2, kwa sababu ambazo hazihusiani na mchezo.

Mwalimu, aliyeona ninavyoteketea, alinifanyia hesabu nyingine ambayo ningefurahi kama angeanza nayo. Ile mara tatu katika kumi, akasema, ni ya mtu mmoja. Mbele yako wakiwa watatu, na kila mmoja akawa mwoga wa wastani anayetupa nusu ya mara, uwezekano wa wote kutupa ni mmoja katika nane. "Na hawa wako," akaongeza akiwaangalia, "sioni huo wastani."

Ningekuwa mtu wa kusikia ningeacha. Jumamosi hiyo hiyo nikaazima vizibo, nikasukuma tena nikiwa na ngazi iliyovunjika katikati. Hiyo ni aibu ya aina yake: una vidato viwili chini, viwili juu, katikati hewa, na karata nne tu ndizo zinazoweza kuziba. Ilibaki moja kufunguliwa. Karata nne katika 46. Hazifiki hata tisa katika mia. Lakini nilikuwa nimeshasema na nafsi yangu kwamba safari hii wataogopa, kwa sababu sasa ni zamu yao. Walinifuata watatu. Mto ulipopita bila mimi, mama wa genge alifuta mikono kwenye kanga, akafunua zake na kuuliza kwa unyonge, "Samahani jamani, hii yangu ni kitu?" Ilikuwa ngazi kamili, ilikuwa kamili tangu karata tatu za kwanza. Alikuwa hajui. Utamtishaje mtu na hatari ambayo yeye ndiye?

Jumamosi ya tatu nikabadilika. Nikasema basi, nitacheza kama babu zangu, kwa unyenyekevu. Nikapata ree ya kopa na nyingine ndogo, mezani kopa mbili. Sikusukuma. Nikagonga meza, nikapita. Watu wakagonga, wakapita. Karata ya nne, tukagonga tena, meza ikawa kama ngoma ya unyago. Mto ukaleta kopa. Ya tano! Na mimi ndiye mwenye ree, hakuna kopa itakayonishinda. Moyo ukidunda, nikaweka vizibo vinne tu, kwa upole, kama mtu anayeweka sadaka asionekane.

Wakatupa wote. Mwalimu akatupa, kijana wa bodaboda akatupa, mke wangu, wa kwangu wa ndoa, akatupa. Shangazi hakuangalia hata karata zake.

"Shangazi! Leo hutaki kuona?"

"Nimeshaona," akasema. "Ukiwa huna unasukuma kwa hasira, pua inafunguka. Leo umeweka kwa adabu. Debe tupu, baba."

Nilizoa kapu. Lilikuwa na vizibo sita.

Jumamosi ya nne sitaisimulia. Nimekwisha kutaja mishkaki.

Nilichotaka kusema ni hiki, na nakisema kwa sababu nimechoka kuambiwa na mke wangu kwamba mbinu ile ni ya kipumbavu. Inafanya kazi. Mimi ni ushahidi, ila nje ya meza. Mwaka 2014 nilinunua kiwanja Chanika, robo eka, enzi zile barabara yake ilikuwa ni wazo. Nikachimba msingi. Msingi, kwa wasiojua, ni mkono wa kungoja wa mwanamume wa Dar es Salaam: ni karata nne za kopa zilizomwagiwa zege. Hauishi mtu ndani yake, hauna bei, lakini ukipata tu ile ya tano, bonasi, mkopo, mjomba, wewe ni mwenye nyumba. Miaka miwili nikangoja kwa unyenyekevu. Kila nikienda nakuta jirani mpya ambaye hakununua, amepanda mihogo, mpaka umesogea. Ndipo, kabla hata sijamsikia Brunson, nilipofanya jambo ambalo wenzangu wengi mmelifanya na mnajijua. Sikupandisha kuta za nyumba. Nilijenga ukuta wa uzio kwa mbele, nikaweka geti. Geti la chuma, jeusi, lenye mikuki ya rangi ya dhahabu na vichwa viwili vya simba. Kwa hela ile ningefika kwenye lenta. Lakini wavamizi walipita, wakaona simba, wakajiuliza ni mtu gani huyu, ana nani nyuma yake, wakahamia kwa mwenzangu aliyezungushia minyaa. Wakatupa karata! Nusu mkwara safi, umesimama mpaka leo mwaka wa kumi, na ndani yake kuna msingi, mpapai mmoja ulioota wenyewe na lori moja la mchanga ambalo paka wa eneo zima wamelifanya choo.

Picha ya geti lile nimeituma kwenye kundi la ukoo kila Idi na kila Mwaka Mpya. Sijawahi kuandika uongo. Naandika "Tunamshukuru Mungu, mambo yanasogea." Unguja yote inajua nina nyumba Chanika. Binamu mmoja alishaomba chumba.

Juzi Jumapili, vidole vikiwa bado vinanukia mishkaki niliyoilipia, shangazi alikuja uani akiwa amevaa baibui la kutokea na mkoba kwapani.

"Keshokutwa narudi zangu," akasema. "Nipeleke Chanika."

Nikamwambia jua ni kali. Akasema amezaliwa nalo. Nikamwambia daladala za huko zinajaa. Kijana wa bodaboda, ambaye hakualikwa kwenye mazungumzo, akasema yeye yupo, ana rafiki mwenye bajaji. Nikasema, kwa sauti ya juu kidogo kuliko nilivyokusudia, kwamba nyumba inapakwa rangi, wageni hawaruhusiwi, fundi ni mkali sana.

Shangazi alikuwa akiniangalia pua.

"Nataka kuona," akasema.

Tulifika saa saba mchana. Geti lilikuwa linang'aa, nalisifu mpaka leo. Simba wawili wamekenua meno. Nilihangaika na kufuli lililoota kutu, nikatumaini limekufa, halikufa. Shangazi aliingia taratibu. Akauzunguka msingi wote, akiinua baibui penye majani, akihesabu vyumba kwa kidole. Akautazama mpapai. Akaja akakaa kwenye tofali mbili zilizobaki, akafungua mkoba, akatoa kizibo kimoja cha soda, akakiweka juu ya zege mbele yangu.

"Haya, baba," akasema. "Nimefuata. Funua karata."